Mkono umenyamaza, umeniachia vinundu

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 43, nina mume na watoto watatu. Miaka mitano iliyopita figo zangu zilikufa kwa presha ambayo sikuwahi kujua kama ninayo. Tangu hapo nakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila ninapokaa kwenye mashine. Miezi ya mwanzo nilitumia katheta ya shingoni, ule mrija unaoingizwa kwenye mshipa, halafu nikapasuliwa mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, nikaunganishwa mishipa. Wakaniambia hiyo ndiyo fistula na niitunze kama mboni ya jicho.

Niliitunza, Mama. Sikubeba ndoo kwa mkono ule, sikuvaa bangili wala saa, sikuulalia. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani niliigusa nisikie ule mtetemo. Ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga unayoisikia kutoka mtaa wa pili. Kitindamimba wangu, wakati ule ana miaka minne, alikuwa anaweka sikio pale na kusema, "Mama, una bahari mkononi." Bila kusikiliza bahari hiyo halali.

Miezi saba iliyopita nilitolewa maji mengi kwenye mashine, presha ikashuka, miguu ikakakamaa, nikarudi nyumbani nimelegea kabisa. Alfajiri nikagusa mkono: kimya. Nikaweka sikio: kimya. Ilikuwa Jumamosi. Nikajiambia labda itarudi, nikasubiri hadi Jumatatu, siku yangu ya mashine. Wauguzi walipoupapasa wakatazamana. Imeganda. Jioni ile nikawekewa katheta nyingine, safari hii kifuani upande wa kulia. Kuhusu mkono sikuambiwa lolote. Kila nikiuliza najibiwa, "Huo achana nao, haufanyi kazi tena."

Nitaachana nao vipi, Mama, na mimi ndiye ninayelala nao na kuamka nao?

Wiki za mwanzo ulikuwa mwekundu na wa moto, kuugusa tu naruka. Hayo yameisha. Sasa kuna vinundu viwili pale walipokuwa wakinichoma sindano, kimoja kama ndimu ndogo, kingine kama nusu ya yai la kuku wa kienyeji. Katikati yake kuna mshipa umekuwa mgumu kama kamba ya katani. Ngozi ina madoa na makovu ya sindano kutoka juu hadi chini. Kingine kinachonitesa ni vidole: gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku. Naamka nakung'uta mkono ndipo vinarudi. Pini zinanidondoka, kutunga uzi kwenye sindano namwita binti yangu. Na mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa kwenye mashine, bila huo mimi si fundi.

Nina hofu mbili. Ya kwanza, donge lile litatoka pale liende moyoni. Ya pili, vinundu vitapasuka usiku nife mume wangu amelala. Wifi yangu anasisitiza twende kwa mama mmoja anayepiga chuku, aitoe damu iliyoganda, halafu nikandwe kwa mafuta ya ufuta ya moto. Anasema kwa nia njema, najua.

Huyo huyo wifi, alipolisikia neno fistula, aliwaambia wenzake kuwa ninavuja mkojo. Nilikuja kujua mteja mmoja alipotandika kanga kwenye kiti changu cha dukani baada ya mimi kuinuka. Wengine wakiuona mkono wanadhani ni matende. Nimejishonea nguo zote upya, za mikono mirefu, na joto la Tanga unalijua. Mwezi ujao mpwa wangu ana sendofu, na sare waliyochagua haina mikono. Mimi ndiye ninayezishona sare hizo zote ishirini na mbili. Yangu sijaikata.

Mume wangu hajasema neno. Zamani tulikuwa tunalala ameniwekea kiganja chake juu ya ule mtetemo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeacha kumpa mkono huo.

Na jambo la mwisho. Wiki iliyopita nilikwenda kupima malaria, mtaalamu wa maabara akaufunga mpira mkono huo huo, akasema, "Huu si umeshakufa?" Nikashindwa kujibu. Umekufa kweli, Mama? Unakatwa na kutolewa? Au nitaishi nao hivi hivi?

Fundi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Haujakufa. Kilichokufa ni kipande cha mshipa mmoja ndani yake. Mkono wenyewe una damu, una mishipa mingine, una kazi, na huenda bado una sehemu ya kukuunganishia fistula nyingine. Nimefanya kazi chumba cha mashine za kusafisha damu mpaka nikastaafu, na jambo lililokuwa likiniuma kuliko mengi ni hilo unalolieleza: fistula ikiwa hai watu watano wanaipapasa kila asubuhi, ikiganda hakuna anayeugusa tena mkono. Mgonjwa anapangiwa katheta, faili linafungwa, yeye anarudi nyumbani na vinundu vyake na maswali yake. Ulistahili kujibiwa siku ile ile ya Jumatatu.

Sijauona mkono wako, kwa hiyo nitakayokueleza hayachukui nafasi ya daktari atakayeushika. Lakini nataka uende kwake ukijua cha kuuliza.

Kwanza nikueleze kilichotokea. Daktari alichukua mshipa wa ateri, ule unaoleta damu kwa nguvu kutoka moyoni, akauunganisha na mshipa wa vena, unaorudisha damu polepole. Vena ikapokea nguvu ambayo haikuumbiwa, ikapanuka, ukuta wake ukawa mnene, na baada ya wiki kadhaa ikaweza kuchomwa sindano kubwa mara tatu kwa wiki. Njia hii waliieleza madaktari wa New York mwaka 1966, Brescia na Cimino pamoja na mpasuaji Appel, na mpaka leo haijapatikana iliyo bora zaidi kwa wagonjwa wengi. Ule mvumo uliokuwa ukiusikia ulikuwa damu ya ateri ikiingia kwa kasi kwenye vena. Mwanao hakukosea sana, yalikuwa maji mengi yanapita kwenye mlango mdogo.

Vinundu navyo vina sababu yake. Sindano zikirudiwa eneo moja kila siku, ukuta wa mshipa unadhoofika pale na kuvimba kama mpira wa baiskeli uliochakaa upande mmoja. Ndiyo maana tunafundishwa kuhamisha sindano, kupanda na kushuka kama ngazi. Wagonjwa wengi hupenda sehemu ile ile kwa sababu imekufa ganzi na haiumi, na muuguzi mwenye foleni naye anakubali. Hapo kosa si lako peke yako.

Kisha ikaganda. Mara nyingi, kabla ya kuganda, mshipa unakuwa umeshaanza kuwa mwembamba mahali fulani kwa ndani bila mtu kujua. Siku presha inaposhuka sana, kama siku ile yako, damu inapita taratibu mno, inasimama, inaganda. Usijilaumu kwa zile siku mbili. Ila wanaosoma barua hii na fistula zao bado zinavuma nawaomba walishike hili: mtetemo ukipotea, piga simu au nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa Idi. Kuna fistula zinazofufuliwa ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Kila saa inayopita inapunguza nafasi hiyo.

Sasa tuuangalie mkono wenyewe. Kesho asubuhi, kabla hujavaa, kaa penye mwanga. Weka vidole vya mkono wa kulia juu ya kila kinundu, kisha panda taratibu mpaka kwenye kiwiko na juu yake kidogo. Unatafuta kama kuna mahali popote bado panatetema au panadunda. Nakwambia hivi kwa sababu neno "haifanyi kazi" lina maana mbili, na watu wanazichanganya. Kuna fistula iliyoganda kabisa, imekuwa kamba, hakuna kinachopita. Na kuna ambayo haitoshi tena kwa mashine lakini damu bado inapita, hata kwa kipande tu. Ya kwanza huwa ngumu, imetulia, na mara nyingi husinyaa polepole kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Ya pili bado ina presha ndani yake, na hiyo ndiyo inayoweza kutoa damu nyingi ikipasuka. Jinsi unavyouelezea, ugumu wa kamba ya katani na ukimya, wako unaelekea kuwa wa ile ya kwanza. Lakini wa kuhakikisha ni kipimo cha ultrasound ya mishipa ya damu, ile inayoonyesha na damu inavyotembea. Hakiumizi, hakina sindano. Kiombe.

Hofu yako ya donge kwenda moyoni naielewa, karibu kila mgonjwa aliniuliza. Damu iliyokaa ndani ya mshipa miezi saba imeshashikana na ukuta, imekuwa kama kovu. Hainyanyuki kirahisi. Hata hivyo, kukosa pumzi kwa ghafla au kifua kubana si jambo la kusubiri asubuhi, na hilo ni kwa mtu yeyote, mwenye fistula na asiye nayo.

Kuhusu kupasuka, iangalie ngozi zaidi kuliko ukubwa wa kinundu. Ngozi nene yenye madoa na makovu, inayosogea ukiivuta kidogo, hainitishi. Inayonitisha ni ngozi iliyokuwa nyembamba, inang'aa, imepauka, au yenye kigaga kisichopona, au inayotoa unyevu. Ukiona hivyo, au kinundu kikaanza kukua tena, kuwa chekundu na cha moto, kikatoa usaha, ukapata homa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Damu iliyoganda ni makazi mazuri ya wadudu, na wewe una katheta kifuani, hivyo maambukizi hayana umbali mrefu wa kusafiri. Na ikitokea damu imeruka, usichukue taulo kubwa kuuzungushia mkono, usiufunge kamba. Bonyeza kwa vidole viwili pale pale kwenye tundu, kwa nguvu, inua mkono juu, mwamshe mume wako aite msaada, na usiachie vidole kuchungulia. Mfundishe na yeye. Mtalala usingizi wote wawili mkishajua.

Nije kwenye vidole, maana humo ndimo riziki yako ilimo, na nadhani hilo ndilo lililopuuzwa zaidi. Wewe umedhani ganzi ni sehemu ya kuganda kwa fistula. Sina hakika kama ni hivyo. Fistula inayopita damu nyingi huweza kuwanyima vidole damu yao: vinakuwa baridi, vyeupe, vinauma, hasa ukiwa kwenye mashine. Hali hiyo mara nyingi hupungua fistula ikishafunga. Yako imefunga na ganzi ipo. Halafu umenitajia vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, na usiku, na kukung'uta mkono. Hayo ni maelezo ya mtu ambaye mshipa wake wa fahamu umebanwa pale kwenye kifundo, upande wa kiganja, mahali unapopita kwenye kijia chembamba pamoja na kano za vidole. Kwa watu wanaosafishwa damu hutokea zaidi kuliko kwa wengine, kwa sababu kuna protini ambazo mashine haizitoi vizuri nazo hujikusanya humo mwaka hadi mwaka. Weka juu yake kazi ya kukunja kifundo kutwa nzima mbele ya cherehani.

Inatibika, ndiyo sababu nalikazania. Hatua ya kwanza ni kifaa cha kushikilia kifundo kikae kimenyooka usiku, na kukipumzisha mchana kila baada ya muda. Kwa mkono wako nisingependa ununue cha kufunga kwa nguvu dukani, kwa vile nimekwisha kukuambia hatujui kama damu yote imesimama. Ultrasound kwanza, kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo akupimie. Isipotosha, kuna upasuaji mdogo wa kufungua kile kijia. Ukichelewa sana nyama ya chini ya kidole gumba huanza kusinyaa, na ikishasinyaa kuirudisha ni kazi. Linganisha viganja vyako viwili leo. Kama wa kushoto umebonyea pale, mwambie daktari hilo kabla ya kumwambia habari za vinundu.

Kama badala ya hayo vidole ni baridi, vimepauka, au vina vidonda nchani, hilo ni jambo lingine na halingoji.

Kwa maumivu, Panadol kwa kiasi ulichoelekezwa. Diklofenaki na bruufeni ziache dukani, hata muuzaji akikwambia ni za kawaida. Kama bado unapata mkojo kidogo, figo zako hizo zilizobaki zinakusaidia kuliko unavyojua, na dawa hizo huzimaliza. Tumbo nalo linaweza kutoa damu.

Mwambie wifi asante kwa kukujali, na chuku hapana. Damu iliyoganda ndani ya mshipa haitoki kwa kuchanjwa juu ya ngozi. Kitakachoingia ni wadudu, na ukizingatia kwamba unapewa dawa ya kuzuia damu kuganda kila unapokaa kwenye mashine, chale ndogo inaweza kutoka damu kuliko alivyozoea huyo mama. Kukanda kwa nguvu pia hapana. Mafuta ya ufuta ya vuguvugu, kupaka tu ngozi iwe laini, hayana neno.

Je, vinatolewa? Inawezekana. Mpasuaji wa mishipa ya damu anaweza kukiondoa kinundu kama ngozi imekuwa hatarini, kama kuna maambukizi, kama kinauma au kinabana, na wakati mwingine kwa sababu mgonjwa hawezi kuishi na sura yake. Hiyo sababu ya mwisho ni sababu, usione haya kuitaja. Ila utabadilishana kinundu na kovu refu, na kama ngozi yako huota makovu manene, lifikirie hilo vizuri. Mimi ningesubiri, na sababu ndiyo hii inayofuata.

Mwanangu, katheta hiyo ya kifuani si ya kukaa nayo maisha. Ni njia iliyo wazi kutoka nje mpaka karibu na moyo. Ikipata wadudu, utaanza kutetemeka baridi ukiwa kwenye mashine, na ukisikia hivyo usivumilie, sema hapo hapo. Unahitaji fistula mpya, na mahali pa kwanza pa kuitafuta panaweza kuwa mkono huo huo uliokata tamaa nao. Kwa miaka minne damu ya kasi kutoka kifundoni ilikuwa ikipanda hadi juu ya kiwiko. Mara nyingi vena ya juu ya kiwiko inakuwa imepanuka kwa sababu hiyo, imeshaandaliwa bila mtu kukusudia, na mpasuaji anaweza kuiunganisha pale kwenye kiwiko. Kwa wengine huwa tayari mapema kuliko fistula ya kwanza ilivyokuwa. Siwezi kukuahidi. Kuganda kunaweza kuwa kumepanda mpaka huko, au katheta yako ya kwanza ya shingoni imeacha mshipa wa ndani ya kifua umekuwa mwembamba, jambo ambalo huonekana mkono mzima unapovimba na mishipa kujitokeza begani na kifuani. Ultrasound ile ile itaonyesha mengi ya hayo. Swali la kwenda nalo ni hili: "Daktari, vena zangu za juu ya kiwiko, kushoto na kulia, zikoje?" Liandike. Hospitali yako ikikosa mpasuaji wa mishipa, omba barua ya rufaa. Dar es Salaam, Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyo palepale wanao.

Kwa hiyo yule wa maabara alikosea, na safari ijayo una la kumjibu. Mkono wa kushoto hautobolewi wala haupimwi presha mpaka mpasuaji aseme. Na wa kulia nao unautunza, huo ni akiba. Damu ya vipimo itolewe ukiwa kwenye mashine, kwenye mirija yao, bila tundu jipya. Malaria hupimwa kwa tone la kidoleni. Ikilazimika kuchoma mshipa, watumie mgongo wa kiganja cha kulia. Wengine watanuna. Wanune.

Nimeliacha la fedheha kwa sababu sikutaka ulione kama dogo.

Neno fistula ni la Kilatini, maana yake mrija. Basi. Madaktari wakaliita hivyo tundu au njia yoyote inayounganisha mahali na mahali. Fistula ya uzazi, ile tunayoisikia redioni na inayotibiwa hospitali ya CCBRT, ni njia inayotokea baada ya uchungu wa muda mrefu mama akikosa msaada, mkojo ukapita pasipo pake. Yako ilitengenezwa kwa makusudi mkononi ili uishi. Yamefanana jina tu. Lakini angalia na hili: hata kama ungekuwa na fistula ya uzazi, mteja yule asingekuwa na haki ya kutandika kanga kwenye kiti chako. Usije ukajitetea kwa namna itakayowaumiza wanawake hao. Mimi ningemwita wifi faragha, nikamwonyesha mkono, nikamwambia, "Huu ndio mrija niliokuwa nikisafishiwa damu, umeziba. Ulichowaambia wenzako sicho, na kimenipunguzia wateja. Nenda karekebishe." Aliyetangaza ndiye atangaze tena. Na kwa wateja, tumia neno jingine kabisa: "mshipa wa mashine." Hakuna atakayeuliza mara mbili. Matende nayo hayaambukizwi kwa kukaa pamoja, wala vinundu vyako havimwambukizi mtu.

Sare yako ikate. Wewe ni fundi, unajua kuliko mimi namna ya kushona mkono wa lesi unaofika chini ya kiwiko, mlegevu, usiobana popote, au mtandio wa kitambaa kile kile unaoangukia upande wa kushoto. Ukiamua kuuacha wazi, uache. Nawajua wanawake waliovaa nguo za mikono mifupi na vinundu vikubwa kuliko vyako wakacheza mpaka asubuhi, na nawajua waliofunika mpaka mwisho, na sikuwahi kuona sababu ya kuwaambia wa pili wafanye kama wa kwanza. Lakini usijifunike kwa kuwa wifi kasema uongo.

Mume wako mpe mkono. Yamkini anadhani unauma. Wanaume wengi waliokuwa wakikaa kwenye benchi letu waliogopa kuushika wakidhani watauharibu zaidi, na ukimya wao wake zao wakausoma vingine. Mwambie hauumi tena, na mwonyeshe hizo alama za hatari nilizokutajia.

Na huyo mdogo, sasa atakuwa na miaka minane, anaelewa. Amepoteza kitu chake pia. Mwambie bahari ile imefungwa, na kwamba daktari anaangalia kama itafunguliwa juu ya kiwiko. Usimwahidi. Mwachie apapase kamba ile ngumu akitaka, mikono ikiwa imenawa, wala usiuvute mkono.

Niandikie ukishapigwa ultrasound, na uniambie kile kiganja cha kushoto umekionaje ulipokilinganisha. Nasubiri.